Picha za 1969, mbona safi hivi? Jibu kwa mwalimu anayetafuta diski ya "Apollo 11"

Mwalimu wa fizikia kutoka Tanga ameniandikia hivi:

"Shule yetu ina projekta na sabufa. Nataka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu filamu ya Apollo 11 iliyotoka 2019. Kijana mmoja aliniletea faili lake kwenye flashi. Picha za roketi kuruka ni safi ajabu, ila za mwezini na za ndani ya chombo zina chenga. Mwanafunzi wangu alipoona kipande akasema, 'Mwalimu, hii imetengenezwa na kompyuta, mwaka 1969 hawakuwa na kamera kama hizi.' Nilikosa jibu. Je, nikinunua diski yenyewe nitapata nini ambacho flashi haina? Na katika hizi DVD, Blu-ray na 4K, ninunue ipi?"

Mwalimu wangu, usimkatishe tamaa huyo mwanafunzi. Ameona jambo la kweli: ndani ya filamu moja kuna picha za ubora tofauti kabisa, na mtu mwenye macho lazima aulize kwa nini. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba kamera za zamani zilikuwa mbovu. Zilizokuwa mbovu ni televisheni tulizoonyeshewa picha hizo miaka yote. Nitaanza na hilo, kwa sababu ukishalielewa, swali la diski linajijibu karibu lote.

Filamu unayoizungumzia, ya safari ya 1969 iliyowafikisha binadamu mwezini kwa mara ya kwanza, iliongozwa na kuhaririwa na Todd Douglas Miller. Haina msimulizi wala wazee wa leo wanaokumbuka ya jana. Kila unachokiona, ukiacha michoro michache ya mistari inayoonyesha njia ya chombo, kilipigwa wakati ule. Timu yake ilipokuwa ikikusanya picha kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, kule College Park, Maryland, wahifadhi wenyewe waliwajulisha Mei 2017 kwamba wamekuta mikanda ya milimita 65 ambayo haijaguswa kwa miongo. Ilikuwa rili 165, za safari za Apollo 8 hadi Apollo 13, na 61 kati yake zilitambuliwa kuwa za Apollo 11. Ilifikaje huko? Mwaka 1969 kulikuwa na mpango wa kutengeneza filamu kubwa ya sinema kuhusu safari hiyo, kampuni ya MGM ikajitoa zikiwa zimebaki wiki chache tu roketi iruke, na kazi ikaendelea kwa bajeti ndogo. Sehemu ya mikanda ilitumika katika filamu ya Theo Kamecke iitwayo Moonwalk One. Iliyobaki ilirudi kwenye makopo, makopo yakaingia kwenye chumba cha baridi.

Chumba cha baridi ndicho kilichotuletea picha hizi. Nimefanya kazi ya mikanda ya filamu kwa miaka mingi, na nimewahi kufungua kopo la mkanda wa milimita 16 uliopigwa miaka ya sitini, katika ofisi moja ambayo siitaji, ukiwa umekaa kabatini kwenye joto la pwani. Harufu ya siki ilinipiga usoni kabla sijaona kitu. Mkanda ulikuwa umejikunja kama jani la mgomba lililokauka, rangi zimebaki wekundu mtupu. Kemikali ya mkanda ikianza kuoza hutoa siki, na siki hiyo huharakisha uozo, hivyo kopo moja huambukiza kabati zima. Kwa hiyo ninapoona rangi ya bluu ya anga ya Florida ya Julai 1969 ikiwa bado bluu, namkumbuka mhifadhi aliyelipa umeme wa kiyoyozi kwa miaka 48.

Sasa ukubwa wa mkanda. Fremu ya mkanda wa milimita 16, ule waliobeba wanaanga, ina upana wa milimita 10 hivi na kimo cha 7 na nusu. Fremu ya milimita 65 ina upana wa zaidi ya milimita 52 na kimo cha 23. Piga hesabu na wanafunzi wako: eneo lake ni takriban mara 16. Chukua kanga na leso ya mfukoni, halafu mwambie fundi adarizi picha ileile kwenye vitambaa vyote viwili kwa uzi uleule. Kwenye kanga utaona kucha za vidole, kwenye leso utaona mtu amesimama. Uzi hapa ni punje za fedha na rangi ndani ya mkanda. Punje hazikui kwa sababu mkanda ni mpana. Zinakuwa nyingi zaidi kwa kila uso, kila miwani, kila gari lililoegeshwa kando ya barabara.

Ndiyo maana mwanzo wa filamu, lile gari la minyororo linapobeba roketi ya Saturn V yenye urefu wa mita 111 kuelekea uwanja wa kurushia, unaona hadi mafuta kwenye vyuma. Ndiyo maana pia watu waliokaa kungojea uzinduzi wanaonekana kama wamepigwa juzi. Kamera hizo zilikuwa nzito, zilihitaji stendi imara na watu wa kuzihudumia. Ardhini, na kwenye meli ya USS Hornet iliyowapokea wanaanga, hilo liliwezekana. Kwenye Eagle, chombo cha kutua mwezini, ambako kila kilo ilihesabiwa, halikuwezekana.

Wao walipewa kamera ndogo ya milimita 16. Ilifungwa kwenye dirisha la kulia, upande wa mwanaanga Buzz Aldrin, ikitazama chini. Kasha moja la mkanda lilikuwa na urefu wa kama mita 40 tu: kwa mwendo wa kawaida wa sinema, fremu 24 kwa sekunde, linakwisha kabla ya dakika 4. Kuteremka mwezini kulichukua dakika 12 na ushee. Ufumbuzi wao ulikuwa kupunguza mwendo wa kamera. Kwa fremu 6 kwa sekunde kasha lilelile hufika dakika 15. Wape wanafunzi hesabu hiyo ubaoni kabla hawajaona filamu. Wakifika kwenye mteremko, watajua ile punje na ule mtikisiko ni gharama ya uamuzi wa kiufundi, na hawataziita chenga tena.

Kuna aina ya tatu ya picha, na hii ndiyo iliyowaharibia watu dhana: televisheni. Picha ambazo dunia iliziona moja kwa moja Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, akishuka ngazi hazikuwa za mkanda wa filamu hata kidogo. Kamera ya pale ilituma fremu 10 kwa sekunde zenye mistari 320, kwa sababu chombo hakikuwa na nguvu ya redio ya kubeba zaidi. Vituo vya Australia na California vilivyozipokea ilibidi vizigeuze zikubalike kwenye televisheni za kawaida, na njia yenyewe ilikuwa kuelekeza kamera ya TV kwenye kioo kinachoonyesha picha ya mwezini na kuipiga upya. Nakala ya nakala, ikarushwa baharini na mabara, ikatua sebuleni. Kwetu saa zilikuwa hivi: roketi iliruka Jumatano tarehe 16 Julai saa 10:32 jioni, Eagle ikatua Jumapili tarehe 20 saa 5:17 usiku, na mguu wa Armstrong ukakanyaga mwezi Jumatatu saa 11:56 alfajiri. Tanzania Bara haikuwa na televisheni bado. Waulize wanafunzi kama wana babu au bibi aliyesikia habari hiyo redioni. Majibu yao ni nyaraka pia.

Wako watakaokuambia kuwa NASA, shirika la anga la Marekani, ilifuta kanda za mwezini. Kilichofutwa, na NASA yenyewe ilikiri mwaka 2009, ni kanda za sumaku za akiba zilizokuwa na ile ishara ya televisheni kabla ya kugeuzwa. Zilitumika tena kwa kazi nyingine. Ilikuwa hasara kubwa, inaniuma hadi leo. Lakini kanda ya sumaku si mkanda wa filamu, na mikanda ya filamu ipo.

Na kama mwanafunzi wako anadhani mambo haya yalikuwa ya Wamarekani kujiambia wenyewe, mpeleke ufukweni mwonyeshe upande wa Unguja. Miaka ya mwanzo ya sitini kulikuwa na kituo huko cha kufuatilia safari za Mercury, zile za kwanza za Wamarekani kwenda angani, na mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza nacho kwa redio akipita juu yetu. Kituo kilifungwa 1964, kabla ya Apollo. Lakini mawimbi ya redio hayachagui msikilizaji.

Nirudi kwenye neno "kompyuta", maana hapo kijana hakukosea kabisa. Mikanda ilipitishwa kwenye skana maalumu huko New York, kila fremu ikapigwa kwa ubora mkubwa kuliko diski yoyote ya nyumbani inavyoweza kubeba. Skana haibuni kitu, inasoma kilichomo. Baada yake mafundi waliondoa vumbi na mikwaruzo, wakasawazisha rangi. Hiyo ni kazi ya kompyuta, na ni sawa na kumfuta vumbi mtu kwenye picha ya ukutani: sura ni ileile.

Kwenye sauti ndiko kazi ilikuwa kubwa zaidi, na mimi naiheshimu kuliko ya picha. Sehemu kubwa ya picha za chumba cha udhibiti wa safari kule Houston zilipigwa bila sauti. Upande mwingine zilikuwepo kanda za sauti zenye njia 30, kila njia ikiwa mazungumzo ya mtu au meza fulani, na mashine iliyobaki ya kuzisoma ilisoma njia moja kwa wakati. Watu wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walitengeneza kichwa kipya cha kusoma njia zote 30 kwa pamoja, na filamu ikapata saa 11,000 za sauti. Kisha Stephen Slater, mtafiti wa Uingereza aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mapenzi yake miaka mingi kabla, akaoanisha midomo na maneno: huyu anayesogeza midomo hapa anasema nini, saa ngapi, kwenye njia ipi? Unapomwona mtu wa Houston akisema neno na kulisikia, kuna saa nyingi za binadamu nyuma ya sekunde hiyo. Muziki ni wa sasa, wa Matt Morton, lakini alijifunga kutumia vyombo vilivyokuwepo wakati ule, ikiwemo kinanda cha umeme cha Moog cha 1968.

Sasa diski.

Faili la kwenye flashi, kama ni la kawaida ya mtaani, lina ukubwa wa GB moja na nusu au mbili. Blu-ray ina nafasi ya GB 25 au 50. Ili filamu ya dakika 93 iingie kwenye GB moja na nusu, lazima programu itupe kitu, na cha kwanza kutupwa ni punje, kwa sababu punje hubadilika kila fremu na programu huiona kama fujo. Ndiyo maana nakuomba utenganishe "chenga" zako mbili. Simamisha picha ya giza, mfano anga nyeusi nyuma ya chombo. Ukiona vijisanduku vya mraba, na rangi nyeusi imegawanyika matabaka kama chai ya maziwa iliyopoa, hiyo ni faili. Ukiiachia picha iende na ukaona vumbi laini linalochemka juu ya kila kitu, hilo ni mkanda wenyewe, na ndilo unalolipia. Vijisanduku hukaa, punje hucheza. Kijana wako akijua kipimo hicho, hatahitaji tena kuniuliza mimi.

DVD ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, laki 4 hivi kwa kila fremu. Blu-ray ina milioni 2, 4K ina milioni 8. DVD naikataa kwa filamu hii, na sababu si pikseli peke yake. DVD za mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, huchezesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24. Filamu ya dakika 93 inakwisha kwa dakika 89, na kila kitu kinaharakishwa kwa asilimia 4, mara nyingi sauti nazo zikipanda juu kidogo. Kwenye tamthilia hutatambua. Kwenye filamu ambayo sekunde za mafuta zinahesabiwa kwenye kioo wakati Armstrong anatafuta mahali pa kutua, nataka sekunde iwe sekunde.

4K ni nzuri kuliko zote, na kama ungekuwa na televisheni kubwa ya 4K nyumbani ningekwambia uitafute bila kusita. Diski ya 4K ya filamu hii ilitolewa Uingereza, na diski za 4K hazina kufuli la kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski inaruhusiwa kucheza; zinacheza popote. Lakini inahitaji deki yake, na projekta nyingi za shule zina pikseli zisizofika hata milioni moja na nusu. Utalipa fedha za shule kwa kitu ambacho ukuta hautakionyesha. Nunua Blu-ray.

Angalia kanda kabla hujalipa. Kwa Blu-ray, Afrika yote, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, iko kanda B. Marekani ni kanda A. Kwa DVD, Tanzania na Kenya ziko kanda 5, Marekani kanda 1, na ndugu zetu wa Oman kanda 2. Toleo la Marekani la Blu-ray na DVD lilitoka tarehe 14 Mei 2019, la Uingereza ndilo litakalokaa vizuri kwenye deki iliyonunuliwa hapa. Alama iko nyuma ya kasha: kidunia kidogo chenye herufi. Watu wengi hutumiwa diski na jamaa walio Marekani, deki ikaikataa, wakadhani diski ni mbovu.

Vipi kuhusu kuitazama mtandaoni? Ni halali na ni nafuu, lakini bando la shule litalia, na mtandao ukipungua katikati ya uzinduzi, picha inashuka ubora palepale moshi unapofunika kioo. Moshi, moto na maji ndivyo vitu vigumu kuliko vyote kwa picha iliyobanwa. Filamu hii ina moto mwingi.

Nina lalamiko moja kuhusu Blu-ray hiyo. Nyongeza zake ni haba: kipande cha dakika chache kuhusu kugunduliwa kwa mikanda ya 65, na tangazo la filamu. Hakuna maelezo ya waliofanya kazi, hakuna kitufe cha kukuonyesha picha hii ni ya mkanda upi. Kwa filamu iliyojengwa yote kwa nyaraka, hilo ni pengo. Linganisha na For All Mankind ya Al Reinert, ya 1989, ambayo kampuni ya Criterion iliitoa kwenye diski ikiwa na maelezo ya sauti ya Reinert mwenyewe pamoja na mwanaanga Eugene Cernan, na chaguo la kuweka majina ya wanaanga kwenye kioo wanapotokea. Nyongeza hiyo pale ni lazima, kwa sababu Reinert alichanganya picha za safari nyingi zikawa kama safari moja. Hata mtu kuelea nje ya chombo humo ni Ed White wa Gemini 4, mwaka 1965. Ni filamu nzuri mno kwa moyo. Kwa darasa la fizikia, ambako mwanafunzi tayari ana shaka, anza na ya Miller, inayofuata siku kwa siku. Na ukiitaka ya Criterion kutoka Marekani, kumbuka kanda A.

Diski ya nyumbani inauzwa kwa matumizi ya nyumbani. Kabla ya kuonyesha ukumbini, iandikie kampuni inayosambaza toleo utakalonunua uombe kibali cha shule. Picha ghafi za NASA, kwa upande wake, ni mali ya umma, na ule mteremko wa Eagle uliopigwa kwa milimita 16 unapatikana bure. Upakue, uwaonyeshe kwanza bila sauti.

Siku ya kuonyesha: vipindi viwili ni dakika 80, filamu ni 93, kwa hiyo igawe. Siku ya kwanza ishia chombo kikiwa njiani kuelekea mwezini. Siku ya pili anza na kutua. Kwenye mipangilio ya deki chagua sauti ya njia mbili, la sivyo sabufa itakupa mngurumo na maneno yatapotea kwenye spika ambazo hamna. Hakuna maandishi ya Kiswahili, hivyo waandikie ubaoni maneno kumi watakayoyasikia mara nyingi, na tafsiri zake. Waambie wasikilize mapigo ya moyo ya wanaanga watatu yanavyotajwa baada ya kuruka: Armstrong 110, Collins 99, Aldrin 88 kwa dakika. Kisha kila mmoja ashike mkono wake ajihesabie ya kwake, akiwa amekaa tu kwenye benchi.